Aombe Tena Mwaka Huu, au Angoje?

Shauri zito kwa jamaa wenye kijana aliyekataliwa na vyuo vya udaktari huko Marekani

Kila mwaka katika miezi ya Machi na Aprili, wakati wakulima wetu wanapotazama mawingu na kupanda mahindi ya masika, kuna nyumba kadha wa kadha hapa Kenya zinazongoja habari ya namna nyingine. Ni nyumba zenye mtoto huko Marekani aliyemaliza digrii yake ya kwanza, kisha akaomba nafasi katika chuo cha udaktari. Habari zikiwa njema, simu hupigwa usiku wa manane na mbuzi huchinjwa. Lakini wanaoomba ni wengi kuliko wanaopokewa. Katika mwaka 2024 waombaji wa vyuo vitoavyo shahada ya M.D. walikuwa karibu 52,000, na walioingia darasani walizidi 23,000 kidogo tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya vijana hao, ambao karibu wote walikuwa hodari mashuleni tangu utoto, walibaki nje.

Barua ya kukataliwa kwa kawaida ni fupi, nayo haitoi sababu. Husema waombaji walikuwa wengi na nafasi chache, humtakia kijana heri, basi. Tena huja wakati mbaya, maana fomu za majira mapya hufunguliwa mapema mwezi wa Mei, na mwisho wa mwezi huo au siku za kwanza za Juni kijana aweza kuzipeleka. Kwa hiyo yule aliyekata tamaa Aprili ana wiki chache tu za kukata shauri: apeleke maombi tena mara moja, au aache mwaka mzima upite ndipo aombe?

Wazee wengi huku nyumbani hudhani kwamba swali hili ni la bidii na uvivu. Mwenye bidii, wasema, hujaribu tena upesi, na anayengoja ameanza kulegea. (Ni ajabu kwamba methali zetu nyingi zasifu subira, lakini likija jambo la mtoto kuwa daktari subira hiyo hutuishia ghafula.) Sisi twaona kwamba jambo hili halihusu bidii hata kidogo. Lahusu hesabu ya tarehe, na ili mzazi aweze kumshauri mwanawe vema yampasa kwanza ajue jinsi mambo yanavyokwenda huko.

MATATU HAINGOJI

Hapa kwetu mwanafunzi hutoka shule ya sekondari akaingia udaktari moja kwa moja, ikiwa alama zake zatosha. Ndivyo ilivyo tangu masomo hayo yalipoanzishwa Nairobi mwaka 1967; kabla ya hapo wengi waliotaka kuwa madaktari walikwenda Makerere. Marekani si hivyo. Huko kijana husoma kwanza digrii ya miaka minne, ya elimu ya viumbe au somo lolote jingine, ndipo aombe chuo cha udaktari ambacho nacho ni miaka minne. Baada ya hayo hufanya kazi hospitalini chini ya madaktari wakubwa kwa miaka mitatu mpaka saba au zaidi, akipokea mshahara wa kiasi, kabla hajawa daktari wa kujitegemea.

Mwombaji hupimwa kwa mambo mengi pamoja. Kuna alama zake zote za chuo. Kuna mtihani mmoja mkubwa uitwao MCAT, wa saa saba na nusu pamoja na mapumziko, ambao alama zake huanzia 472 na kukoma 528. Kuna barua za ushuhuda kutoka kwa walimu na madaktari wanaomjua. Kuna maelezo ya kazi alizofanya karibu na wagonjwa, insha za kueleza kwa nini ataka udaktari, na mwisho kabisa, kwa wale waliobahatika, mahojiano, ambayo tangu mwaka 2020 vyuo vingi huyafanya kwa njia ya video. Waliopokewa katika miaka ya karibuni walikuwa na wastani wa alama kama 511 au 512 za MCAT, na katika masomo ya chuo wastani wa karibu 3.8 kati ya 4.0.

Sasa msomaji ashike sana jambo hili moja, kwa maana ndilo linaloamua mengi. Vyuo vingi vya huko havikusanyi maombi yote, yakaisha kusomwa, ndipo nafasi zigawanywe kwa siku moja. Hujaza viti kama matatu ijazavyo: aliyefika kwanza akiwa na nauli yake hukaa, na mwenye kufika jioni hukuta viti vimebaki viwili vya nyuma ambavyo watu ishirini wavigombea. Maombi hupelekwa kwa ofisi moja ya kukusanyia, nayo huhakikisha kila alama kabla ya kuyapeleka vyuoni. Wakati wa msongamano kazi hiyo huchukua wiki kadha. Kila chuo kisha humpelekea kijana insha zake chenyewe. Mahojiano huanza Agosti au Septemba na kuendelea mpaka Machi. Kijana aliyekamilisha kila kitu mwezi wa Julai na yule aliyekamilisha Novemba, hata wakilingana alama, hawana nafasi sawa.

Kutokana na hayo latoka swali la kwanza ambalo kila aliyekataliwa yampasa ajiulize: mwaka jana maombi yangu yalikamilika lini? Ikiwa alama zake zilikuwa nzuri, MCAT yake nzuri, amefanya kazi na wagonjwa, lakini fomu yake ilifika Oktoba kwa sababu mwalimu mmoja alichelewesha barua, huyo hana haja ya kungoja mwaka. Ugonjwa wake ulikuwa ni kuchelewa, na dawa ya kuchelewa ni kuwahi. Apeleke siku za kwanza za Juni, abadilishe insha zake, aongeze vyuo, aende. Vivyo hivyo yule aliyeomba vyuo vitano tu, vyote vile vikubwa ambavyo majina yao yanajulikana mpaka vijijini kwetu. Huyo alikosa kwa kuchagua vibaya. Vyuo vya serikali za majimbo hupenda wakaazi wa majimbo yao wenyewe, na kijana aliyeishi Minnesota au Texas na wazazi wake ana mlango nyumbani ambao pengine hakuubisha kwa nguvu. Tena viko vyuo vitoavyo shahada ya D.O., ambavyo huombwa kwa ofisi nyingine ya kukusanyia. Daktari wa D.O. ana ruhusa ileile ya kutibu na kupasua katika majimbo yote ya Marekani, na kuna vijana wanaovidharau vyuo hivyo bila kujua wanachokidharau.

ALIYEPUNGUKIWA NA KITU

Lakini walio wengi hawakukataliwa kwa tarehe wala kwa orodha. Walipungukiwa na kitu. Na hapa ndipo twaona kwamba wengi hukosea, si vijana peke yao bali na wazazi wanaowasukuma.

Tuseme yuko binti wa karani mmoja, aliyekwenda na wazazi wake Marekani akiwa mdogo, sasa ni raia wa huko. Alikataliwa Aprili. Ajua kwamba wastani wake ni 3.3, na kwamba MCAT yake ni 503. Asema moyoni: Nitaomba tena Juni, na wakati maombi yanaposomwa nitakuwa nikisoma masomo zaidi na kujitayarisha kwa mtihani, hata wakinitazama waone ninavyojitahidi. Jambo hilo lasikika vema. Hasara yake ni kwamba fomu ya Juni huonyesha yale yaliyokwisha fanyika kufikia Juni. Masomo atakayoyasoma Septemba hayamo. Mtihani atakaoufanya Januari haumo. Ni kweli vyuo vingine hupokea barua za kuongeza habari katikati ya mwaka, lakini vingine havipokei, na hata vile vipokeavyo huwa vimekwisha kutoa mahojiano kwa wengi. Kwa hiyo kati ya Aprili na Juni binti huyo atakuwa amebadilisha nini? Insha pengine. Atapeleka shamba lilelile likaguliwe mara ya pili na mkaguzi yuleyule, akitumaini mkaguzi amesahau.

Naye hakusahau. Vyuo huweka kumbukumbu za maombi ya nyuma, na vingi humwuliza anayerudi swali la wazi: tangu ulipoomba mara ya mwisho, ni nini kilichobadilika? Vichache vimeweka hata kikomo cha mara ambazo mtu aweza kuomba kwao. Kuomba mara ya pili si aibu, maana karibu robo ya waombaji wote kila mwaka ni wale waliokwisha kuomba zamani. Lakini kuomba mara ya pili bila jibu la swali lile ni kutumia bure nafasi moja, na mara ya tatu itakuwa ngumu zaidi.

Tufanye hesabu ya wastani wake, kwa kuwa wasomaji wetu makarani watapenda kuihakikisha wenyewe. Kozi za digrii huhesabiwa kwa vipimo, na digrii moja ni kama vipimo 120. Vipimo 120 mara 3.3 ni pointi 396. Tuseme binti huyu akae mwaka mmoja asome vipimo 30 vya sayansi, ambacho ni kiasi cha mwaka mzima, na apate alama ya juu kabisa, 4.0, katika kila kimoja. Hizo ni pointi 120. Jumla ni pointi 516 kwa vipimo 150, nao ni wastani wa 3.44. Mwaka mzima wa kukesha, bila kuteleza hata mara moja, umemwinua kutoka 3.3 mpaka 3.44. Wala asifikiri kwamba akirudia kozi aliyoanguka alama ya kwanza itafutwa. Ofisi ile huhesabu zote mbili.

Mtu aweza kusema, basi yafaa nini? Yafaa sana. Wanaosoma maombi hawatazami jumla peke yake, hutazama pia mwendo. Vipimo 30 vya mwisho vyote vikiwa vya juu vyasema jambo ambalo 3.44 haiwezi kulisema: kwamba mtu aliyesoma vibaya akiwa na miaka 19 siye huyu wa leo. Lakini mwendo huo hauonekani mpaka kozi ziishe na alama ziandikwe. Hapo ndipo mwaka wa kungoja hupata kazi yake.

Kuhusu MCAT, ziko sheria ambazo kijana hana budi kuzijua kabla ya kukimbilia kuufanya tena. Mtu aruhusiwa kuufanya mara tatu katika mwaka mmoja, mara nne katika miaka miwili inayofuatana, na mara saba katika maisha yake yote. Alama zote huonekana na vyuo, za juu na za chini. Aliyepata 503, akaenda haraka haraka Mei bila kujitayarisha akapata 502, amejifunga mwenyewe mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa upande mwingine alama hizo huzeeka: vyuo vingi havikubali mtihani uliopita miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo kijana mwenye alama nzuri sana ya MCAT iliyo karibu kwisha muda ana sababu ya kutongoja, na hiyo ni mojawapo ya sababu chache zenye nguvu.

SHILINGI NA DOLA

Ajabu ya nchi ile, hata kuomba kwalipiwa, tena si haba. Ofisi ya kukusanya maombi imekuwa ikitoza dola 175 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 40 kwa kila chuo kinachoongezwa. Chuo chenyewe hutoza tena kwa insha zake, mara nyingi karibu dola 100. Mtihani wa MCAT ni zaidi ya dola 300. Aombaye vyuo ishirini hutumia kwa urahisi dola 3,000, ambazo kwa bei ya dola ya mwaka 2025 hazipungui shilingi 380,000. Upo mpango wa kuwapunguzia gharama walio maskini, na kijana asione haya kuuomba, lakini ni lazima aukamilishe kabla ya kulipa, maana fedha iliyokwisha lipwa hairudishwi.

Wale wanaosema kijana asingoje nao wana hesabu yao, na si ya kupuuzwa. Wasema kila mwaka unaopotea mwanzoni ni mwaka mmoja wa mshahara wa daktari kamili unaopotea mwishoni, na mshahara huo kwa Marekani mara nyingi hupita dola 200,000. Ni kweli. Ila hesabu hiyo yafaa tu ikiwa kuomba mwaka huu kwaleta kuingia mwaka ujao. Akiomba mwaka huu akakataliwa, amepoteza mwaka uleule pamoja na dola 3,000, na jina lake limeandikwa mara ya pili katika vitabu vya waliokataliwa.

Kuna jambo jingine la fedha ambalo jamaa yapasa waliangalie sana kwa wakati huu. Sheria iliyotiwa sahihi Marekani mwezi wa Julai 2025 imeondoa, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ule mkopo wa serikali uliomruhusu mwanafunzi wa udaktari kukopa mpaka gharama yake yote itimie. Badala yake kimewekwa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa masomo yote. Vipo vyuo vingi ambavyo karo yao pamoja na chakula na nyumba hupita kiasi hicho kwa mbali. Kwa hiyo anayengoja mwaka, ikiwa ni raia au ana kibali cha kukaa daima, yampasa autumie pia kutafuta vyuo vya bei nafuu na misaada ya karo, na kulipa madeni madogo yanayomfuata.

Na yule ambaye si raia wala hana kibali hicho, aliyeko huko kwa viza ya mwanafunzi tu? Kwake mambo ni mengine kabisa, na ni heri aambiwe wazi. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei maombi yake hata kidogo, na katika vile vipokeavyo vimo vinavyomtaka aonyeshe au aweke karo ya miaka kadha mbele. Ruhusa ya kufanya kazi baada ya digrii ni miezi 12, na kwa waliosoma sayansi yaweza kuongezwa miezi 24. Huyo hawezi kusema tu "nitangoja mwaka" kama jirani yake raia. Ni lazima ahesabu siku za karatasi zake kwanza. Kwa wengine wa namna hii, kurudi nyumbani kusomea udaktari hapa Afrika Mashariki si kushindwa, ingawa mjomba fulani hatakosa kusema hivyo katika mkutano wa harusi.

Watu hao hasa hujiwa na matangazo ya vyuo vya udaktari vya visiwani, ambavyo vingi hupokea watu kwa urahisi zaidi. Wako madaktari wazuri waliotoka huko. Wako pia wengi waliorudishwa njiani, wakiwa na deni lote na bila shahada. Kijana asiingie huko kwa sababu ya kuchoka kungoja. Aulize kwanza: kati ya mia walioingia, wangapi walimaliza, na wangapi wakapata hospitali ya kufanyia mafunzo?

MWAKA UNAVYOLIWA

Twafika sasa kwenye hatari ya kungoja, ambayo kwa vijana wetu ni kubwa kuliko kwa wengine, na sijaona ikisemwa wazi.

Kijana wa Kimarekani asemaye nangoja mwaka mmoja, mara nyingi huenda kwa wazazi wake, akalala katika chumba chake cha utotoni, akajisomea. Kijana wetu asemaye hivyo huonekana kwa jamaa kama mtu aliyemaliza shule. Amekwisha pata digrii. Yuko Marekani. Hana darasa. Kwa hiyo ndugu mdogo aliyeitwa chuo cha ualimu hupeleka kwake barua ya karo, nyumba ya mama yataka mabati, shangazi amelazwa. Naye hawezi kusema hapana, kwa sababu aliondoka nyumbani kwa harambee, na majina ya waliochanga yangali katika daftari. Hivyo huchukua zamu mbili katika nyumba ya kutunzia wazee, usiku na mchana, kama msaidizi wa wauguzi. Kozi alizokusudia kusoma jioni huzisukuma mpaka muhula ujao. Mtihani wa Januari huwa wa Aprili, na wa Aprili hufutwa. Juni yafika, naye yu vilevile alivyokuwa, isipokuwa amechoka zaidi. Huo mwaka haukuwa wa kungoja, uliliwa.

Na bado kazi ile ile ya kutunza wazee, ambayo wengi wao huiona kama kazi ya kuficha, ni hazina kwa mwombaji. Vyuo vyataka kuona mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa kwa muda mrefu, akamgeuza kitandani, akamlisha, akamfunga vidonda, akawa karibu alipokufa. Wako vijana wa nyumba za kitajiri wanaohangaika kutafuta saa mia moja za kusimama tu nyuma ya daktari ili wapate la kuandika. Msichana wetu ana saa elfu mbili, naye hazitaji katika fomu kwa sababu aona haya, au huzitaja kwa mstari mmoja. Ikiwa kungoja kwake mwaka kutamfundisha kuandika sawasawa habari za kazi hiyo, basi nusu ya faida imekwisha patikana. Iliyobaki ni kupunguza zamu. Zamu tatu kwa wiki zatosha kula na kulipa nyumba ya kugawana na wenzake; kuanzia ya nne, atumia saa za kitabu.

Hili la kupunguza zamu haliwezekani bila kauli ya nyumbani, nayo kauli hiyo ni ya mzazi kuitoa, si ya kijana kuiomba. Baba aweza kupiga simu akasema: "Mwanangu, mwaka huu usitume kitu. Karo ya mdogo wako tutauza ndama." Kwa mkulima maneno hayo ni ghali. Lakini mkulima ndiye anayejua kuliko mtu yeyote kwamba mche wa kahawa hupandwa leo ukakaa kama miaka mitatu kabla ya kumpa mavuno ya kwanza, na kwamba katika miaka hiyo hakuna anayekwenda kuuvuta majani ukue.

Yako pia maswali ambayo yafaa mzazi ayaache na mengine ambayo yafaa ayaulize. "Utaingia lini?" halimsaidii mtu, kijana mwenyewe hajui. Afadhali amwulize: "Umepiga simu kwa vyuo vilivyokukataa ukauliza ulipungukiwa na nini?" Vipo vyuo ambavyo humpa aliyekataliwa ushauri wa namna hiyo akiuomba kwa adabu, hasa baada ya msimu kwisha, na walimu washauri katika chuo cha digrii ya kwanza nao wapo. Amwulize tena: "Nani ameisoma insha yako asiyekuwa rafiki yako?" Na: "Mwalimu atakayekuandikia barua angali akukumbuka?" Swali hilo la mwisho ni la maana kwa anayengoja, kwa kuwa mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili kila mwaka hupoteza nyuso upesi. Kijana na amwendee mwaka huu akiwa bado ajulikana, amwombe barua iwekwe tayari.

Kuhusu umri, wazazi wasiogope. Zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari vya Marekani siku hizi wamekaa angalau mwaka mmoja baada ya digrii ya kwanza kabla ya kuingia, na umri wa kawaida wa kuanza ni kama miaka 24. Kijana wa miaka 23 anayengoja hajachelewa. Yuko pamoja na wenzake. Yule wa miaka 33 mwenye watoto wawili ana hesabu nyingine, naye akiwa na maombi yenye nguvu kiasi, twaona aombe.

Kwa binti yule wa karani, mwenye 3.3 na 503, shauri letu lingekuwa angoje, na kalenda yake iwe hivi. Mei na Juni apumzike, aulize vyuo sababu. Agosti aanze kozi za sayansi, tatu au nne, si sita. Aweke tarehe ya MCAT iwe Machi au mapema Aprili, asiifanye kabla alama zake za mazoezi hazijafika anapotaka kwa majaribio kadha yanayofuatana. Zisipofika, asogeze tarehe kuliko kwenda kubahatisha. Machi awakumbushe walimu barua. Aprili aandike insha upya kabisa, bila kutazama ile ya zamani. Fomu iende wiki ya kwanza ya kufunguliwa.

Limebaki jambo moja dogo kwa wale ambao jina lao halikukataliwa bali liliwekwa katika orodha ya wanaongoja. Hao wasijihesabu wamekosa Aprili. Kufikia tarehe 30 ya mwezi huo waliopata nafasi katika vyuo kadha hutakiwa wapunguze mpaka kimoja, na viti walivyoviacha huanza kugawanywa Mei, Juni, na Julai. Huyo na atayarishe fomu mpya kana kwamba amekataliwa, kwa kuwa kutayarisha hakumzuii kuitwa. Simu yake asiizime hata anapokuwa zamuni, amwombe msimamizi ruhusa ya kuiweka mfukoni, kwani wako walioitwa wiki moja tu kabla ya darasa kuanza, na chuo hakingoji siku nyingi kabla ya kumpigia anayefuata.